Uvujaji wa damu kutokana na kupasuka kwa anurizimu ya ubongo

Anurizimu ni sehemu ya ukuta wa ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) iliyodhoofika ikatuna kwa msukumo wa damu, mithili ya tyubu ya baiskeli inayotoa uvimbe pale mpira ulipolika. Ndani ya kichwa hutokea zaidi pale ateri zinapogawanyika chini ya ubongo, katika duara la mishipa lenye jina la tabibu Mwingereza Thomas Willis, aliyelieleza mwaka 1664. Takriban watu wazima 3 katika kila 100 wanayo, na wengi wao huzeeka nayo bila kujua. Sigara na shinikizo la damu huongeza uwezekano wa kupasuka.

Ikipasuka, kwa kawaida damu haimwagiki kwanza ndani ya nyama ya ubongo, bali katika nafasi iliyo kati ya ubongo na tando zinazoufunika, ambamo hupita maji ya ubongo na uti wa mgongo. Mara nyingine hupenya hadi kwenye ubongo wenyewe. Hiki ni kiharusi, ingawa mgonjwa huenda asipooze mkono wala mguu, na hapo ndipo wengi hupotoka. Dalili kuu ni maumivu makali ya kichwa yanayofikia kilele papo hapo au ndani ya dakika moja, tofauti na kipandauso ambacho hupanda taratibu; pengine huambatana na kutapika, shingo kukakamaa au kuzirai. Kumeza aspirini na kulala ukisubiri yatulie ni hatari, maana dawa hiyo hupunguza uwezo wa damu kuganda.

Kipimo cha CT, yaani picha za eksirei za ndani ya kichwa, kikifanywa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze huonyesha damu hiyo karibu kila mara. Kisha anurizimu huzibwa: ama fuvu hufunguliwa na shingo ya anurizimu kubanwa kwa kibanio cha chuma, ama mrija mwembamba hupitishwa kwenye ateri kuanzia kinenani hadi kichwani, na uvimbe ukajazwa nyuzi laini za platinamu. Haraka inahitajika, kwa sababu hatari ya kuvuja tena ni kubwa zaidi katika saa 24 za mwanzo.

Kuziba hakumalizi kazi. Kati ya siku ya 4 na ya 14, ateri zilizoguswa na damu iliyomwagika huweza kusinyaa na kuunyima ubongo damu, ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa ya nimodipini kwa siku 21. Ndugu humkuta siku ya 5 akila na kuongea vizuri, wakauliza mbona haruhusiwi. Kinachosubiriwa ni siku hizo zipite.