Haki ya mpito si jina jingine la msamaha

Kila unapozuka mjadala kuhusu nchi iliyotoka katika utawala wa kijeshi, hakosekani wa kusema: tufuate haki ya mpito, yaani tusameheane, yaliyopita si ndwele. Hiyo "yaani" ndiyo yenye tatizo.

Kwa ufupi, haki ya mpito ni jumla ya hatua ambazo jamii huchukua inapotoka katika udikteta au vita: kutafuta ukweli, kuwashtaki waliohusika, kuwafidia waathiriwa, na kuvirekebisha vyombo vya dola ili visirudie. Msamaha wa kisheria unaweza kuwamo, au usiwemo kabisa.

Tazama Argentina. Utawala wa kijeshi ulioipindua serikali Machi 24, 1976 ulipoona mwisho wake umewadia, ulijitungia sheria ya kujisamehe, Septemba 1983. Bunge lililochaguliwa na wananchi liliifuta Desemba mwaka huohuo, siku chache baada ya Raúl Alfonsín kuapishwa kuwa rais. Tume iliyoongozwa na mwandishi Ernesto Sabato ikaorodhesha watu 8,961 waliotoweshwa, na yenyewe ikasema orodha hiyo haijakamilika. Jeshi lilipewa nafasi ya kuwahukumu watu wake kwanza. Likasuasua, kisha likadai halioni kasoro katika amri zilizotolewa. Kesi ikahamia mahakama ya kiraia. Mwaka 1985 makamanda tisa walisimama kizimbani: Jorge Videla, aliyeongoza mapinduzi yale, na Emilio Massera, mkuu wa jeshi la majini, wakafungwa maisha, watatu wakapata vifungo vya miaka, wanne wakaachiwa huru kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Hao wanne waudhi wasiudhi, wanaonyesha kwamba kilichofanyika kilikuwa kesi na si kisasi.

Baadaye hofu iliingia. Sheria ya 1986 iliweka kikomo cha kufungua mashtaka, na ya 1987, iliyofuata maasi ya wanajeshi, iliwakinga maofisa wa chini kwa hoja kwamba walitii amri. Rais Carlos Menem naye akawasamehe makamanda wenyewe mwaka 1990. Hapa ndipo watu husema nchi "ilichagua maridhiano". Mimi sikubali. Aliyekosewa ndiye mwenye haki ya kusamehe. Rais anaweza kufuta adhabu tu. Akina mama wa Plaza de Mayo, waliokuwa wakizunguka uwanja ule kila Alhamisi tangu 1977 wakiuliza watoto wao wako wapi, hawakupata jibu kutokana na saini hiyo. Utasamehe nini wakati hujaambiwa mwanao alifanywa nini, wala mwili wake uko wapi?

Sheria zile mbili zilikuwa na mwanya mmoja, nao unafundisha kuliko hotuba nyingi. Hazikugusa wizi wa watoto. Wanawake waliokamatwa wakiwa wajawazito walijifungulia kizuizini, wengine katika chuo cha ufundi cha jeshi la majini, ESMA, jijini Buenos Aires. Mama akaangamizwa, kichanga kikapewa familia nyingine na kusajiliwa kwa jina la uongo. Mabibi wa watoto hao waliwasaka kwa vipimo vya damu, na zaidi ya wajukuu 130 wamepatikana, wengine wakiwa tayari watu wazima. Ni kosa hilo lililomrudisha Videla mbaroni mwaka 1998, licha ya msamaha wote aliopewa. Mwaka 2003 Bunge lilizibatilisha sheria zile, na mwaka 2005 Mahakama ya Juu ikasema zinakiuka katiba. Kesi zikafunguliwa upya. Videla alifia gerezani 2013.

Wengine watataja Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi, na ni haki yao. Lakini hata huko msamaha haukugawiwa kwa wote: kila mwombaji alitakiwa aeleze yote aliyoyafanya, na athibitishe kwamba alikuwa na lengo la kisiasa. Walioomba walizidi 7,000, na wengi wao walikataliwa.

Kwa hiyo, ndugu unayetetea kuwaachia wanajeshi wa zamani, tetea hoja yako. Zipo nchi zilizofanya hivyo kwa kuogopa bunduki, na hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Ila sema tu kwamba unapendekeza msamaha wa kisheria. Haki ya mpito ingeanza kwa kukuuliza nani alisikilizwa kabla msamaha huo haujatolewa.