Resident Evil zilizotupwa, na vipande vyake vilikoishia

Gemu ikifutwa, watu huuliza imefutwa kwa nini. Kazi yangu ni kufungua matoleo ya majaribio ya gemu za zamani na kuchambua mafaili yaliyomo, kwa hiyo mimi huuliza jambo jingine: mali iliyokuwamo, yaani picha, wahusika na mbinu zake, ilikwenda wapi? Kwa swali hilo sijaona mfululizo unaofundisha kuliko Resident Evil, gemu za mazombi za kampuni ya Kijapani, Capcom.

Ya kwanza ilitoka Machi 1996 kwenye PlayStation, ikauza sana, na Capcom ikataka ya pili upesi. Shinji Mikami, aliyeiongoza ile ya kwanza, akawa mtayarishaji. Usukani akapewa Hideki Kamiya, kijana ambaye hakuwa ameongoza gemu yoyote kabla ya hapo. Walichotengeneza ndicho mashabiki wanakiita Resident Evil 1.5. Kati ya mashujaa wawili wa gemu ya pili iliyotoka hatimaye, Leon Kennedy yumo, lakini Claire Redfield hayumo. Nafasi yake anayo Elza Walker, mwanafunzi wa chuo na mwendesha pikipiki za mashindano. Kituo cha polisi ni jengo la kisasa, ofisi tupu za kawaida. Kazi ikiwa imefika kati ya asilimia 60 na 80, wakaitupa yote.

Toleo moja lake ambalo halijakamilika lilivuja mwaka 2013, na ukilicheza sababu unaiona mwenyewe. Mitambo inafanya kazi. Mazombi wanakuja wengi kwa mpigo, na hilo peke yake lilikuwa jambo kwa mashine ile. Tatizo ni kwamba hakuna chumba unachokikumbuka ukishatoka. Mwandishi Noboru Sugimura, mzoefu wa tamthilia za televisheni, aliletwa kuitazama hadithi, na hadithi ikaandikwa upya. Elza akawa Claire, dada yake Chris wa gemu ya kwanza, na hapo ya pili ikapata undugu na ya kwanza. Kituo cha polisi nacho kikapewa historia: zamani kilikuwa jumba la makumbusho. Ndiyo maana kina ukumbi mkubwa, sanamu na milango yenye mafumbo ambayo hakuna askari mwenye akili timamu angeikubali kazini. Gemu ikatoka Januari 1998. Elza mwenyewe alibaki kwenye makabati ya Capcom hadi 2019, gemu ilipotengenezwa upya na Claire akapewa vazi lake kama nyongeza.

Ya nne ndiyo iliyotupwa mara nyingi zaidi. Kamiya alianza nayo akitaka shujaa mwenye madoido, mwepesi, anayepigana kama anacheza ngoma. Timu ilisafiri hadi Ulaya kupiga picha majengo na sanamu za kale. Mikami alipoona hii si Resident Evil tena, hakuizima, aliitenga ijitegemee. Matokeo yake ni Devil May Cry ya 2001. Hata ule mtindo wake wa kumpiga adui akabaki anaelea hewani ulitokana na hitilafu iliyoonekana wakati wa kutengeneza Onimusha, gemu nyingine ya nyumba hiyohiyo.

Baada ya hapo likaja toleo la ukungu mweusi na kasri. Kisha likaja lile lililoonyeshwa kwenye maonyesho ya gemu ya E3 mwaka 2003, Leon akiwa ndani ya jumba huku mtu mwenye ndoano akimwandama na vitu vikigeuka mbele ya macho yake. Hili la pili kwangu ndilo hasara ya kweli. Lilihitaji sehemu zitengenezwe mara mbili, hali ya kawaida na hali ya maruweruwe, na gharama ikalishinda. Likafuata jaribio la kurudi kwa mazombi wa kawaida, nalo likaonekana limechosha. Ndipo Mikami akashika usukani mwenyewe na kuiweka kamera nyuma ya bega la Leon. Gemu ilitoka Januari 2005 kwenye GameCube, mashine ya Nintendo. Sisi wa vibanda vya gemu tulikutana nayo baadaye kwenye PS2, kwa diski za kuchoma, tukidhani imezaliwa hivyohivyo.

Resident Evil Zero ilianza kwenye Nintendo 64, mashine iliyotangulia GameCube, ikahamishiwa GameCube na kutoka mwaka 2002. Ule ubadilishaji wa papo kwa papo kati ya wahusika wake wawili, Rebecca na Billy, ulibuniwa kwa ajili ya katriji (kaseti ya gemu), ambayo haikusubirishi kama CD.

Imebaki moja ambayo mali yake haikuhamia popote. Kampuni ya Uingereza, HotGen, ilikuwa ikiiingiza Resident Evil ya kwanza kwenye Game Boy Color, mashine ndogo ya mkononi: skrini ya nukta 160 kwa 144, picha ya nyuma imeundwa kwa vigae vya nukta 8 kwa 8, kila kigae rangi nne tu. Zile picha za kamera zilizotulia, ambazo PlayStation ilizivuta kutoka kwenye CD, walizivunja zikawa vigae hivyo, na wahusika wakawa michoro bapa inayopungua ukubwa wanapokwenda mbali na kamera. Capcom iliamua kwamba ubora hautoshi, ikafuta. Mwaka 2001 ikatoka Resident Evil Gaiden badala yake, gemu ya timu nyingine, inayotazamwa kutoka juu, bila chochote cha mbinu hizo. Matoleo ya HotGen yalivuja mwaka 2012. Yaendeshe kwenye Game Boy Color halisi, maana kwenye skrini ya kompyuta vile vigae vinaonekana vibaya kuliko vilivyo.