Damu Puani kwa Farasi Ambaye Hakukimbia

Unafungua banda asubuhi na kukuta matone ya damu ukutani, na tundu moja la pua ya farasi limegandiwa na damu iliyokauka. Jana hakukimbia wala hakujigonga popote. Wengi hufuta tu, wakasubiri waone kama itarudi. Kwetu madaktari wa wanyama, hiyo ni simu ya kupigwa asubuhi hiyohiyo.

Farasi ana vifuko viwili vya hewa nyuma ya taya, ambavyo ni sehemu zilizotanuka za mirija inayounganisha masikio na koromeo. Kila kimoja huchukua takriban mililita 300 hadi 500. Juu kwa ndani ya kifuko hupita ateri kubwa iendayo kwenye ubongo, imefunikwa na utando mwembamba tu. Fangasi, mara nyingi wa jamii ya aspagilasi, hushika hapo hapo kwenye utando huo. Ukiingiza kamera ya endoskopi unaona kiraka kama cha ukungu wa mkate, na chini yake ukuta wa ateri unaliwa.

Damu ya kwanza huwa kidogo, kisha hukata yenyewe, na hapo ndipo watu hudanganyika. Siku au wiki chache baadaye ateri huweza kupasuka. Takriban nusu ya farasi waliowahi kuvuja hufa wasipofanyiwa upasuaji.

Ukisikia fangasi unafikiria dawa ya fangasi. Zipo, hupitishwa kwa mrija hadi kwenye kifuko, ila huchukua muda mrefu na hazizibi ateri. Kinachookoa ni kuiziba, tena pande zote mbili za kidonda: ukiifunga upande wa moyo tu, damu huzunguka chini ya ubongo na kurudi kwa nyuma. Ndiyo maana hutumika koili (waya mdogo uliojisokota) au puto dogo, vinavyopitishwa ndani ya mshipa. Cha kushangaza, ateri ikishazibwa, fangasi mara nyingi hunyauka bila dawa yoyote.

Neva zinazopita kwenye kifuko hichohicho ni habari nyingine. Farasi ambaye chakula na maji humtokea puani ameshaumia neva za kumeza, na upasuaji hauzirudishi. Hao ndio hutupa matumaini madogo.

Ukimngoja daktari, mwache farasi mahali palipotulia, asitembezwe. Asepromazini ya kumtuliza isiguswe: hushusha shinikizo la damu, naye tayari anaipoteza.