Dripu, oksijeni na foleni: yanayosemwa Tanga kuhusu huduma za dharura

Katika vibaraza vya Ngamiani, ikisikika kwamba jirani amekimbizwa Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, watu huuliza mambo mawili: ametundikiwa dripu ngapi, na je, amewekewa oksijeni? Nyuma ya maswali hayo zimo dhana kadhaa zisizo sahihi, na nyingine huwafanya ndugu wakatae huduma ambayo mgonjwa wao anaihitaji.

Wengi hudhani kwamba dharura ni chumba kimoja chenye foleni, na kwamba aliyetangulia kufika ndiye wa kuonwa kwanza. Ukweli ni kwamba wagonjwa hupangwa kwa uzito wa hali zao, ndiyo maana aliyevunjika kidole hungoja huku mtoto anayepumua kwa shida akipitishwa moja kwa moja, na huo si upendeleo. Baada ya hapo kila mmoja huelekezwa panapomfaa: chumba cha upasuaji kwa mwenye utumbo uliojisokota au mimba iliyotunga nje ya kizazi, wodi ya wazazi kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, chumba cha watoto wachanga kwa njiti, na ICU, yaani chumba cha uangalizi maalumu, kwa mahututi. Mpangilio huu bado ni mgeni kwetu, kwani idara kamili ya kwanza ya tiba ya dharura nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010.

Husemwa pia kwamba anayewekewa oksijeni amekwisha, na kwamba ICU ni njia ya kwenda makaburini. Oksijeni ni tiba kama tiba nyingine; mgonjwa wa pumu au nimonia hupewa mpaka mapafu yake yajimudu, kisha huondolewa. Vivyo hivyo ICU huwekwa mtu ambaye madaktari wanaona anaweza kupona iwapo kiungo kilicholemewa kitasaidiwa kwa muda. Ni kweli kwamba vifo hutokea zaidi huko kuliko wodi nyingine, lakini wanaopelekwa ndio waliokuwa hatarini zaidi tangu mwanzo.

Dhana iliyokita mizizi kuliko zote ni ya dripu: kwamba ni chakula na nguvu, na kadiri zinavyokuwa nyingi ndivyo mgonjwa anavyopona upesi. Lita moja ya dripu ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 tu za sukari, na ile ya chumvi haina lishe yoyote. Ushahidi mzito zaidi ulipatikana jirani kabisa, katika Hospitali Teule ya Muheza, iliyoshiriki utafiti wa FEAST pamoja na hospitali za Kenya na Uganda. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu walifuatiliwa, na matokeo ya mwaka 2011 yaliwashtua hata wataalamu: ndani ya saa 48 walifariki takriban asilimia 10.5 ya waliopewa maji mengi ya dripu kwa kasi, dhidi ya asilimia 7.3 ya wasiopewa hivyo. Watoto wenye kuhara hawakuhusishwa, na kwao maji yangali mwokozi. Kwa hiyo muuguzi anayekataa kuongeza chupa ya pili huenda anamlinda mtoto.

Mwisho, wapo wanaolalamika kwamba hospitali ya wilaya, tuseme Pangani au Handeni, humchelewesha mgonjwa badala ya kumkimbiza Bombo. Mgonjwa anayevuja damu au asiyepumua vizuri anaweza kufia njiani. Ndiyo sababu damu huzuiwa kwanza, mfupa hufungwa banzi, na oksijeni huanzishwa kabla ya gari kuondoka. Wakati huo ndugu watamfaa zaidi kwa kukusanya dawa anazotumia, kuhakikisha karatasi ya rufaa imeandikwa, na kumtafuta mtu wa kuchangia damu, kuliko kumshinikiza dereva awashe gari.