Bandeji za Nyuzi za Nano Zenye Antibiotiki: Maswali na Majibu Kuhusu Uponyaji wa Vidonda

Bandeji ya nyuzi za nano ni kitu gani?

Ni utando mwembamba na laini uliotengenezwa kwa nyuzi ndogo mno ambazo hazikufumwa, bali zimelaliana zikashikana. Unene wa kila uzi kwa kawaida huwa kati ya nanomita 100 na 1,000. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Wembamba huo una kazi yake, kwa sababu ndani ya ngozi seli zetu hushikiliwa na nyuzi za protini ya kolajeni zenye ukubwa unaokaribiana na huo. Seli zinazohamia kidondani kujenga nyama mpya hupata basi mahali pa kujishikiza na kutambaa. Matundu yaliyo kati ya nyuzi hupitisha hewa na mvuke, lakini ni madogo kiasi cha kuwazuia bakteria wengi kupenya kutoka nje.

Dawa huingizwaje ndani ya nyuzi?

Njia inayotumika zaidi ni kusokota kwa nguvu ya umeme, na miongoni mwa waliopata hataza zake za mwanzo (haki za kisheria za mvumbuzi) ni Anton Formhals, nchini Marekani, mwaka 1934. Polima, yaani kitu chenye molekuli ndefu kama mnyororo, kwa mfano polikaprolaktoni, jelatini, au kitosani inayotokana na maganda ya kamba na kaa, huyeyushwa na kuchanganywa na antibiotiki kama jentamaisini au siprofloksasini. Mchanganyiko hutiwa katika sirinji ambayo sindano yake imeunganishwa na umeme wa volti 10,000 hadi 30,000. Tone lililo kwenye ncha ya sindano huvutwa na umeme hadi likachongoka, kisha hapo huchomoka uzi mwembamba unaoruka kuelekea bamba la chuma. Kiyeyushi, yaani kimiminika kilichoyeyusha polima, hukauka njiani, na uzi hutua kwenye bamba ukiwa mkavu na umebeba dawa.

Je, si sawa na kufungua kapsuli na kumwaga unga wake kidondani?

Hapana, na swali hili lina uzito wa pekee kwetu Afrika Mashariki, ambako kapsuli za rangi mbili hupasuliwa na kunyunyizwa kwenye vidonda vya watoto na wazee kana kwamba ndiyo tiba yenyewe. Unga wa kapsuli umetengenezwa ili umezwe. Umechanganywa na vitu vingine vya kujazia, haukutakaswa kwa ajili ya kuwekwa kwenye nyama iliyo wazi, na hakuna ajuaye ni kiasi gani cha dawa kilichobaki kidondani baada ya majimaji kuuosha. Mara nyingi huganda ukafanya gamba gumu, na usaha ukaendelea kukusanyika chini yake bila mtu kuuona.

Katika uzi wa nano, dawa hupimwa na kutoka kwa utaratibu, na utaratibu huo ndio wanasayansi wanaoushughulikia zaidi. Dawa ikichanganywa tu na polima, sehemu yake kubwa hukimbilia nje katika saa chache za mwanzo, kisha kinachobaki huvuja kidogokidogo. Kishindo cha mwanzo kina faida, kwa sababu huwaua bakteria wengi kabla hawajajipanga. Hatari iko mwishoni, kiasi cha dawa kinaposhuka chini ya kile kinachoweza kuua: bakteria wanyonge wanakuwa wamekufa, na wale wenye uwezo wa kuistahimili dawa hubaki peke yao wakizaliana. Ndiyo maana nyuzi nyingine hutengenezwa kwa tabaka mbili, dawa ikiwa katikati na ganda la polima likiwa nje, ili kiasi kinachotoka kisishuke mapema.

Kwa nini kumeza vidonge au kuchomwa sindano kusitoshe?

Kwa maambukizi yaliyosambaa mwilini, vidonge na sindano haviepukiki. Tatizo ni vidonda vya muda mrefu, hasa vya miguu kwa wenye kisukari, ambako mishipa ya damu imeziba na dawa iliyomo katika damu hufika kwa shida. Isitoshe, bakteria wa vidonda vya namna hiyo hujifunika kwa utando wenye ute unaowakinga dhidi ya dawa. Utando huo huhitaji kwanza kukwanguliwa na kusafishwa na mhudumu wa afya. Hakuna bandeji, hata iwe ya kisasa kiasi gani, inayoweza kuchukua nafasi ya kazi hiyo.

Je, kidonda kinatakiwa kuachwa wazi kikauke?

Tangu mwaka 1962, mtafiti George Winter alipoonyesha kwa majaribio ya nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi haraka kuliko kilichoachwa wazi, jibu limekuwa hapana. Yeyote aliyewahi kubadilishiwa shashi ya pamba iliyokaukia kidondani anaijua hali yenyewe: muuguzi hulowesha kwa maji ya chumvi, huvuta taratibu, na bado nyama changa nyekundu hung'oka pamoja na uzi, damu ikaanza upya. Utando wa nano unaweza kutengenezwa kwa polima inayoyeyuka yenyewe mwilini, na hapo hakuna cha kubandua.

Je, kila kidonda kinahitaji bandeji yenye antibiotiki?

La. Kidonda kisafi kisicho na maambukizi hakihitaji antibiotiki ya aina yoyote, na kukiwekea ni kuwafundisha bakteria usugu bure. Mwaka 2019 peke yake, usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani. Dalili za maambukizi ni maumivu yanayozidi, joto, uvimbe, usaha, harufu mbaya na homa. Vitabu vingi hutaja wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane. Angalia ngozi inayozunguka kidonda kama imekuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, na uiguse kwa mgongo wa mkono kupima joto lake.

Zinapatikana hospitalini?

Ziko bandeji za nyuzi za nano zisizo na antibiotiki zilizokwisha kuruhusiwa Marekani. Nyingi zenye antibiotiki bado ziko maabara na katika majaribio ya panya na nguruwe. Vikwazo si vidogo. Polikaprolaktoni, kwa mfano, huyeyuka kwenye nyuzijoto 60 hivi, kwa hiyo haiwezi kutakaswa katika mtungi wa mvuke wa nyuzi 121 unaotumika katika hospitali zetu, bali huhitaji mionzi au gesi maalumu. Mabaki ya kiyeyushi ndani ya uzi lazima yaondolewe, na dawa za kundi la jentamaisini zikiwekwa kwenye eneo kubwa lililoungua zinaweza kuingia katika damu zikadhuru masikio na figo.

Basi kwa sasa mwenye kidonda afanye nini?

Akioshe kwa maji safi yanayotiririka, akifunike kwa bandeji safi, na asipake dawa ya meno, majivu wala unga wa kapsuli. Kama kimechafuliwa na udongo au kimetokana na msumari, aulize kituo cha afya kuhusu chanjo ya pepopunda siku hiyohiyo. Mwenye kisukari asisubiri maumivu, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya mguu wake huenda imekufa ganzi. Akiona kidonda mguuni, hata kidogo, aende hospitali upesi, na apunguze kuukanyagia mguu huo mpaka atakapoelekezwa vinginevyo.