Sukuma mtoto kwanza, mama baadaye

Programu huria tunayoijenga hapa Kigoma, ya kuandikia samaki wanaoshushwa mwalo wa Kibirizi, ina vipande vitatu: programu ya simu, seva na orodha ya majina ya samaki. Orodha ndiyo naipenda zaidi, maana mgebuka akiandikwa hivi kwenye simu na vile kwenye seva, hesabu yote imeharibika. Kila kipande kina hifadhi yake ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, kisha hifadhi mama inaviunganisha kwa sabmoduli, yaani hifadhi ndogo ndani ya hifadhi kubwa. Hizo ndogo naziita watoto.

Wengi hukwama hapo. Hifadhi mama haibebi mafaili ya kipande. Inabeba namba moja tu, ya herufi na tarakimu 40, inayotaja komiti moja, yaani hatua moja ya kazi iliyohifadhiwa, ya kipande hicho. Anwani ya kukipata iko kwenye faili la .gitmodules. Basi.

Jumanne moja niliongeza sangala kwenye orodha, nikaweka komiti. Nikarudi kwa mama, nikaweka komiti ya namba mpya, nikaisukuma, yaani nikaituma mtandaoni. Ile ya orodha nikaisahau. Mwenzangu wa Tabora akavuta kazi, ikagoma, akanipigia: "Kaka, hii a41c9e2 mbona haipo?" Huo ni mwanzo wa namba ya komiti yangu ya orodha. Haikuwapo kweli, ilikuwa kwenye kompyuta yangu peke yake. Asubuhi yake ilipotea na bando lake pia, na iliniuma.

Tangu hapo namsukuma mtoto kwanza. Tena simwachii kichwa changu kazi hiyo, nimeandika:

git config push.recurseSubmodules check

Sasa nikisukuma mama kabla ya mtoto, Git inakataa na kunitajia kipande kilichobaki. Ukiweka on-demand badala ya check, itawasukuma watoto yenyewe. Mimi nabaki na check, nataka nijue kila kinachotoka mkononi mwangu.

Angalia na hili: git submodule update hukuacha nje ya tawi lolote, yaani nje ya njia ya kazi yenye jina. Ukiweka komiti hapo kisha ukahama, kazi yako inabaki inaning'inia. Ingia kwenye tawi kabla ya kugusa faili.

Mradi wa Android, wenye mamia ya hifadhi, una zana yake iitwayo Repo. Kwa vipande vitatu, sabmoduli zinatosha kabisa.

Ukitaka kujiunga nasi, nakili hifadhi mama kwa git clone --recurse-submodules. Ukiacha neno hilo la mwisho, utakuta folda ya samaki ni tupu.