Dakika kumi sebuleni: zinatosha, au tunadanganyana?

Programu fupi za mazoezi ya nyumbani zina makelele ya pande mbili. Upande mmoja unasema ni mchezo wa watoto, kwamba asiyetoka jasho jimu saa nzima hajafanya kitu. Upande wa pili unaziuza kwa picha ya tumbo la vipande sita na ahadi ya siku 14. Ajabu ni kwamba wote wanahesabu kitu kilekile, dakika, wakati mwili unajibu mzigo uliobebeshwa: pumzi imepanda kiasi gani, msuli umebakiza marudio mangapi kabla ya kugoma, na kama wiki hii umedaiwa zaidi ya wiki iliyopita.

Dhana: Chini ya nusu saa ni kazi bure

Kuna wakati hata wataalamu waliweka kiwango cha chini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 ulitaka kila kipindi cha mazoezi ya pumzi (yale yanayoharakisha pumzi na mapigo ya moyo, kama kukimbia) kidumu angalau dakika 10 ndipo kihesabiwe. Mwongozo wa 2020 uliliondoa sharti hilo. Sasa kinachotazamwa kwa mtu mzima ni jumla ya wiki: dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, au mchanganyiko wa hayo, pamoja na kuimarisha misuli mikubwa yote siku mbili au zaidi.

Piga hesabu. Dakika 15 kwa siku tano ni 75. Unafika, mradi ziwe kali kweli. Dakika saba kila siku ni 49. Ni afadhali kuliko kukaa, lakini hazifiki. Na ukali una kipimo kisichohitaji kifaa chochote: kwenye mazoezi ya wastani unaweza kuongea ila huwezi kuimba, kwenye makali unatoa maneno machache kisha unatafuta hewa.

Muda mfupi unaweza kufanya kazi kubwa, hilo limepimwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichukua wanaume wasio na mazoea ya mazoezi, wakawagawa, wakawafuatilia kwa wiki 12. Kundi moja lilifanya vipindi vya dakika 10 mara tatu kwa wiki, na ndani ya kila kipindi mlikuwa na mikupuo mitatu tu ya sekunde 20 ya kuendesha baiskeli kwa nguvu zote. Muda uliobaki ulikuwa wa mwendo mwepesi. Kundi la pili liliendesha dakika 45 kwa mwendo wa wastani. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulipanda kwa karibu asilimia 19 kwa makundi yote mawili.

Kabla hujashangilia, soma tena: baiskeli ya maabara, watu waliosimamiwa, na walianzia chini. "Nguvu zote" pale ilimaanisha nguvu zote. Wengi wanaoiga sebuleni huiga muda na kuacha nguvu.

Dhana: Sekunde 20 kazi, 10 kupumzika, basi hiyo ni Tabata

Hapa jina limeibiwa. Izumi Tabata, mtafiti ambaye mtindo huu wa mazoezi ya mikupuo umepewa jina lake, alichapisha utafiti na wenzake nchini Japani mwaka 1996. Vijana waliendesha baiskeli sekunde 20, wakapumzika 10, raundi saba hadi nane, kwa ukali wa asilimia 170 ya ule unaoufikisha mwili kwenye kilele chake cha kutumia oksijeni. Kwa maneno mengine, waliishia hoi. Aliyeweza kupita raundi ya tisa aliongezewa ukali. Walifanya hivyo siku nne kwa wiki, na siku ya tano waliongeza dakika 30 za mwendo wa wastani, jambo ambalo programu nyingi hulinyamazia. Baada ya wiki sita kilele cha oksijeni kilipanda kwa mililita 7 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika, na uwezo wa kufanya kazi bila kutegemea oksijeni kwa asilimia 28.

Kwa hiyo planki (kujiegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka) ya sekunde 20 kwa 10 ni planki yenye kengele. Ukitaka kuukaribia ukali ule nyumbani, chagua mwendo unaotumia misuli mikubwa na usiohitaji ufundi: kukimbia papo hapo ukiinua magoti hadi usawa wa kiuno, au kuruka kamba kwa kasi. Ukifika raundi ya tano na bado unaweza kutoa sentensi nzima, umefanya mazoezi mazuri, lakini si Tabata. Anayeanza asijaribu kabisa. Aanze na sekunde 20 za kasi na 40 za kutembea papo hapo, mara nane, kisha apunguze mapumziko kidogokidogo kwa wiki kadhaa.

Ile programu maarufu ya "dakika saba" nayo imekatwa mkia. Makala ya wataalamu wa mazoezi Brett Klika na Chris Jordan ya mwaka 2013 ilipanga mazoezi 12, kila moja sekunde 30, na takriban sekunde 10 za kuhamia lingine. Makala hiyohiyo ilisema mzunguko unaweza kurudiwa mara mbili au tatu. Watu wakachukua mzunguko mmoja, wakauita programu.

Dhana: Bila vyuma hujengi misuli

Msuli hautambui chuma. Unatambua kuvutwa karibu na kikomo chake. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa mizigo myepesi na mizito hukuza misuli kwa kiasi kinachokaribiana, mradi seti (marudio yanayofanywa mfululizo kabla ya kupumzika) ifike karibu na pale ambapo rudio jingine halitatoka. Tofauti huonekana kwenye nguvu ya juu kabisa, ile ya kuinua kitu kizito mara moja: hapo mzigo mzito una ubingwa wake, na sebuleni ni vigumu kuupata.

Shida ya programu nyingi ni kwamba zinakupa pushapu 10 wiki ya kwanza na pushapu 10 wiki ya sita. Kama marudio 10 yalikuwa magumu mwanzoni, wiki ya sita ni mapumziko. Mzigo unaweza kupandishwa bila kununua kitu, kwa kubadilisha urefu wa kitu unachoegemea. Pushapu ya kawaida hubebesha mikono takriban asilimia 64 ya uzito wa mwili. Ukiegemea magoti, 49. Mikono ikiwa juu ya kitu cha sentimita 60, 41. Miguu ikiwa juu kwa sentimita 60 na mikono chini, 74. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni takriban kilo 45, 34, 29 na 52. Ngazi nzuri kabisa ya kupanda bila kwenda dukani.

Fanya hivi: tafuta ngazi ambayo marudio 8 yanatoka vizuri na ungeweza kuongeza mawili tu. Baki hapo mpaka ufikishe 15 kwa seti tatu, kisha panda. Viganja viwe chini ya mabega au nje kidogo, viwiko vielekee nyuma kwa pembe ya kama nyuzi 45. Viwiko vikitanuka hadi kufanya herufi T, bega ndilo hulipa. Nyonga ikining'inia, kiuno ndicho hulipa. Na kifua kisiposhuka vya kutosha hujafanya pushapu, umetikisa kichwa.

Miguu huzoea haraka zaidi. Mtu anayepiga skwati (kuchuchumaa na kusimama) 30 bila shida aache kuongeza idadi. Aweke mguu mmoja nyuma juu ya kiti kilichoegemezwa ukutani, ashuke kwa mguu wa mbele kwa sekunde tatu, asimame, marudio 8 hadi 12 kila mguu. Ukali hubadilika hapohapo.

Kinachosahaulika karibu kila mahali ni kuvuta. Pushapu, skwati na planki hazigusi vya kutosha misuli ya mgongo wa juu, na miezi ya kusukuma bila kuvuta huacha nusu ya kiwiliwili nyuma. Jaza begi la mgongoni chupa za maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo chupa sita za lita moja na nusu ni kilo 9. Inama kwenye nyonga huku mgongo umenyooka na magoti yamekunjwa kidogo, vuta begi kuelekea kitovuni, bana mabega nyuma kwa sekunde moja, teremsha kwa sekunde tatu. Mgongo ukianza kujipinda, seti imekwisha hata kama umepanga marudio zaidi. Kujivuta chini ya meza ni zoezi zuri, ila meza nyepesi hupinduka. Ijaribu kwanza kwa kuivuta ukiwa umesimama pembeni.

Dhana: Sitapu (kuinua kiwiliwili ukiwa umelala chali) huyeyusha kitambi

Hapana. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti ambao washiriki walifanya mazoezi saba ya tumbo kwa wiki sita. Ustahimilivu wa misuli ya tumbo uliongezeka, mafuta yaliyo juu yake hayakupungua. Mwili huchota mafuta kwenye akiba yake yote, na hauulizi ni msuli upi uliofanya kazi.

Na dakika saba huchoma kiasi gani? Mazoezi makali ya viungo hutumia takriban mara nane ya nishati ya kukaa kimya. Kwa mtu wa kilo 70, hizo ni kalori 65 hivi. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kama kalori 7,700. Vipindi 118, basi, na bila kuongeza tonge hata moja. Lile dai la mwili kuendelea kuchoma saa nyingi baadaye lina ukweli mdogo: nyongeza hiyo kwa kawaida ni asilimia 6 hadi 15 ya nishati iliyotumika kwenye zoezi lenyewe, yaani kalori 4 hadi 10 katika mfano wetu. Uzito hushuka zaidi kwa kupunguza kinacholiwa. Mazoezi mafupi yanalinda misuli isipungue pamoja na mafuta, na hunufaisha moyo, shinikizo la damu na sukari hata mizani isiposogea.

Dhana: Usipoumwa kesho yake, hujafanya kitu

Maumivu ya siku ya kwanza hadi ya tatu hutokana na zoezi usilolizoea, hasa sehemu ya kushuka, na si asidi ya laktiki. Hiyo huondoka kwenye misuli ndani ya saa moja hivi. Zoezi lilelile likirudiwa, maumivu hupungua huku faida ikiendelea. Jasho nalo hutegemea joto la chumba kuliko ubora wa programu.

Kuna maumivu ya kuogopa. Misuli iliyovimba, dhaifu mno, pamoja na mkojo wa rangi nzito ya kahawia baada ya mazoezi makali ni dalili ya misuli kuvunjika na kuhatarisha figo: hospitali, siku hiyohiyo. Kifua kubana au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, simama papo hapo na utafute tiba. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa au mjamzito azungumze na daktari kabla ya kugusa programu yoyote yenye mikupuo mikali.

Dhana: Kwa kuwa ni mafupi, fanya kila siku na usipoteze muda kupasha mwili moto

Ufupi ndio sababu ya kupasha moto, maana unatoka kwenye kiti moja kwa moja hadi kwenye ukali. Dakika tatu zinatosha: moja ya kutembea papo hapo ukizungusha mikono, moja ya skwati za polepole, moja ya toleo jepesi la zoezi la kwanza. Kuhusu kila siku, misuli iliyofanyishwa kazi karibu na kikomo ipewe kama saa 48.

Mpangilio unaofanya kazi kwa watu wengi: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni nguvu. Baada ya kupasha moto, pushapu ya ngazi yako, skwati ya mguu mmoja (sekunde 20 kila upande), kuvuta begi, na kulala chali ukiinua nyonga. Kila moja sekunde 40 kazi, 20 kupumzika, mizunguko mitatu, dakika moja kati ya mizunguko. Jumla dakika 17. Sekunde 40 zikiisha ukiwa na marudio zaidi ya matatu mfukoni, panda ngazi. Jumanne na Jumamosi ni pumzi: dakika tatu za kupasha moto, sekunde 30 kali na 30 pole mara kumi, dakika mbili za kutulia. Dakika 15.

Jumla ya wiki ni dakika 81, lakini zilizo kali ndani yake hazifiki 75. Kutembea haraka dakika 20 hadi 30 katika siku tatu hujaza sehemu kubwa ya pengo.

Kioo ni shahidi mbovu wa wiki za mwanzo. Nguvu inayoongezeka hapo hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuiamuru misuli, na ukubwa wenyewe huanza kuonekana baada ya wiki sita hadi nane au zaidi. Andika vitu viwili kila baada ya wiki nne: idadi ya pushapu safi za ngazi ileile, na mapigo ya moyo kwa dakika asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Ya kwanza ipande, ya pili ishuke au itulie.

Ukikosa wiki mbili, pumzi itakuwa imeanza kushuka, nguvu bado ipo karibu yote. Rudi na mizunguko miwili badala ya mitatu, ngazi ileile. Na ukiingia kwenye mwezi wa shughuli nyingi, kipindi kimoja cha nguvu kwa wiki kinatosha kushikilia nguvu uliyopata, mradi ukate idadi ya vipindi na uache ugumu ulivyo. Wengi hufanya kinyume: wanabaki na siku zote tano, wanalegeza kila moja.